Ku Buntu: Kubadilisha Sistimu ya Kompyuta ya Nyumbani

Kompyuta nyingi nilizozishika hapa Nakivale zilikuwa za watu wengine kabla ya kuwa zetu. Zinafika kama nguo za mivumba. Moja ilikuwa ya ofisi fulani ya mbali, na chini yake bado imegandishwa karatasi yenye namba ya ofisi hiyo. Nyingine ilikuwa ya shule, na herufi za kibodi zimefutwa na vidole vya watoto ambao hatutawajua. Shati la mivumba ukilinunua unalifua, unabadilisha vifungo, unalipunguza kiunoni, na linakuwa lako. Kompyuta ya mivumba watu wanaiogopa. Wanaitumia vile ilivyokuja, na magonjwa yake yote, kama vile mwenyewe atarudi siku moja kuidai.

Insha hii inaeleza namna nyumba yetu ilivyotoa Windows kwenye kompyuta na kuweka Linux. Naiandika kwa ajili ya majirani wanaoniuliza karibu kila wiki. Naiandika pia kwa wafanyakazi wa mashirika wanaosoma kurasa hizi, maana wao nina jambo la kuwaomba.

Kwanza tuelewane maneno. Kompyuta ina chuma, na ina anayeongoza chuma. Chuma ni kioo, kibodi, diski, kumbukumbu. Anayeongoza ni programu kubwa inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe. Inagawa kumbukumbu kwa programu nyingine, inajua faili gani imekaa wapi, inaiamrisha printa. Hiyo ndiyo vitabu vinaita mfumo endeshi, na sisi kwa mdomo tunasema sistimu. Windows ni sistimu moja, Linux ni nyingine. Ukibadilisha sistimu, chuma kinabaki kile kile. Ni kama nyumba kupata msimamizi mwingine; kuta hazibomolewi.

Laptopu yetu tuliinunua Mbarara mwaka 2018 kwa shilingi 350,000. Nyeusi, nzito kama tofali, kumbukumbu giga 2, diski giga 250. Ndani mlikuwa na Windows 7 ambayo muuzaji aliifungua kwa programu ya wizi, kama wengi wanavyofanya. Miezi michache ikapita, kioo kikawa cheusi na maandishi pembeni yakisema kopi hii si halali. Kisha tarehe 14 Januari 2020 Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 7 duniani kote, maana yake matundu ya usalama yakionekana hakuna wa kuyaziba. Leseni halali ya Windows mpya ilikuwa na bei ambayo nyumba yetu ingeiweka kwenye mabati. Na hata tungeipata, giga 2 za kumbukumbu zingepumua kwa shida.

Kompyuta hiyo ilikuwa na kazi tatu. Mdogo wangu wa kike alisomea. Mama alihifadhia picha. Mimi nilifanyia kazi ya kuchapa barua za watu pale Base Camp: maombi ya kazi, wasifu, malalamiko, rufaa. Kule Bukavu kazi hii ina duka na kibao kikubwa kimeandikwa “Secrétariat public”. Hapa ina meza, kiti cha plastiki, printa, na sola juu ya bati.

Kazi ya kuchapa inaishi kwa flashi. Mtu anakuja na flashi yake, anaondoka nayo, kesho anaipeleka duka lingine. Na pale ambapo flashi zinapita, virusi navyo vinapita. Kila mwenye kompyuta hapa anajua ule ugonjwa wa mishale: unafungua flashi, folda zako zote zimegeuka vishale, ukibonyeza kimoja hakuna kitu, au dirisha jeusi linapita haraka na kupotea.

Mama mmoja, jirani yetu wa upande wa kisima, alikuja asubuhi moja ameshika flashi kwa mikono miwili. Alikuwa ameandikiwa maelezo ya familia yake, kurasa 11, kazi ya wiki nzima na mtu aliyemsaidia kuyapanga. Kesho yake saa tatu alikuwa na mahojiano. Sitasema kilichokuwemo ndani. Nitasema tu kwamba kuna mambo ambayo mtu anaweza kuyatamka mara moja, na kuambiwa ayatamke tena tangu mwanzo ni adhabu.

“Mwanangu,” akaniambia, “karatasi zangu zote zimegeuka mishale. Fundi mmoja amesema dawa ni kuformati. Kuformati njo nini?”

Nikamweleza kwamba kuformati ni kufuta kila kitu. Akakaa chini.

Nilimpeleka kwa kijana wa Kirundi anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa sababu nilijua kompyuta yake ni ya tofauti, ingawa sikuwahi kuijali. Akachomeka flashi. Vile vishale vikaonekana, lakini pembeni yake ikaonekana pia folda moja isiyo na jina. Akaifungua. Kurasa zote 11 zilikuwemo.

Yule mama hakusema asante kwanza. Alisogea karibu na kioo, akawa anahesabu kurasa kwa kidole, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja. Halafu ndipo akashukuru.

Hakuna muujiza hapo, na ni vizuri kuuelewa ugonjwa wenyewe. Virusi vya aina hiyo mara nyingi havifuti faili. Vinazihamishia kwenye folda ya pembeni, vinaipa alama ya kufichwa, kisha vinaweka vishale mbele ili wewe mwenyewe ukibonyeza uviamshe na viingie kompyuta yako. Windows inaiheshimu ile alama ya kufichwa, hivyo huoni kitu. Linux kwa kawaida haiangalii alama hiyo kwenye flashi, na programu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows haziamki zenyewe ndani yake. Kwa hiyo faili zinaonekana, na virusi vinalala pale kama maandishi tu. Siyo kwamba Linux haiwezi kuugua, inaweza. Lakini ugonjwa huu unaotusumbua sisi, wa flashi kwenda flashi, haukutengenezwa kwa ajili yake.

Nilirudi nyumbani nimeshaamua. Mama yangu alikuwa hajaamua.

“Zile picha za papa yenu zitabakia?” akauliza. “Kama hazibakie, uiache tu vile iko. Hata ikikaa polepole, iache.”

Kwenye diski ile kulikuwa na picha 412. Nyingine zilitoka kwenye simu iliyokufa zamani, nyingine tulitumiwa na ndugu waliobaki. Za baba zilikuwa 9, na hazikuwa mahali pengine popote duniani. Nawaeleza hili kwa sababu watu wakisikia “badilisha sistimu” wanadhani kazi kubwa ni ya ufundi. Ufundi ni wa jioni moja. Kazi kubwa ni kujua kuna nini ndani ya mashine na nani anakihitaji, kabla hujagusa kitu.

Tulisubiri wiki tatu mpaka tukaazima diski ya nje. Nikakopi kila kitu. Halafu mama akakaa na mimi mbele ya kompyuta ya jirani, tukafungua picha moja moja kutoka kwenye ile diski, zote 412, kuhakikisha zinafunguka na siyo majina tu. Ilichukua jioni mbili kwa sababu kila picha ina maneno yake. Za baba nikaziweka pia kwenye flashi ndogo, na mama akaishonea ndani ya mfuko wa kitenge. Baada ya hapo akasema, “Sasa fanya.”

Yule kijana wa Kirundi alinipa flashi yenye Linux Mint, ile ya uso wa Xfce ambayo ni nyepesi. Faili lake lilikuwa karibu giga 2. Kwa bando la simu hizo ni pesa, lakini yeye alilipata kwa rafiki, na rafiki kwa rafiki, na hakuna aliyevunja sheria kwa kulikopi. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Kitu kizuri ni kwamba unaweza kuionja kabla ya kuila. Unachomeka flashi, unawasha kompyuta, unabonyeza kitufe kama F12 au F9 au Esc, kila kampuni na chake, unachagua ianzie kwenye flashi. Linux inaamka kutoka humo bila kugusa diski. Usiku ule tuliionja kwa saa nzima. Sauti ilitoka. Kioo kilikuwa sawa. Printa ilikubali kurasa mbili. Wi-Fi ilikataa. Tulichomeka simu kwa kebo, tukapata intaneti kupitia simu, na programu ndogo iliyokosekana ikapatikana. Kama printa ndiyo ingekataa, tungeishia hapo na kuiacha Windows pale pale, maana printa ndiyo inaleta unga.

Betri ya sola ilikuwa nusu. Tukafika kwenye ukurasa unaouliza: futa diski yote, au gawa diski, Windows ikae upande mmoja na Linux upande mwingine. Kopi ile ya wizi yenye virusi hatukuitaka tena hata upande. Nikamtazama mama, akatikisa kichwa kukubali. Nikabonyeza kufuta. Baada ya nusu saa hivi kompyuta ikajizima na kuwaka upya.

Kabla ya hapo ukurasa mwingine ulituuliza kama tunataka folda zetu zifungwe kwa siri, yaani zisisomeke bila nenosiri hata mtu akiiba diski na kuipeleka kwingine. Nilikubali bila kufikiri mara mbili. Ndani ya kompyuta ya mtu anayechapa barua kambini kuna maisha ya watu. Kuna majina ya vijiji, majina ya waliotafutwa, majina ya waliowatafuta. Nikimwandikia mtu rufaa, ana haki ya kujua kwamba laptopu ikiibwa leo, mwizi atapata chuma tu. Ila nenosiri hilo ukilisahau, hakuna fundi wa kukusaidia. Langu liko kichwani, na kwenye karatasi moja mahali ambapo mama anajua.

Asubuhi watu wakaanza kuja. “Iko wapi Word yangu?” “Iyi haiko Windows!” Papa mmoja mchungaji alitaka kujua kama mahubiri yake yatafunguka. Yalifunguka, kwenye LibreOffice, ambayo inasoma faili za Word na pia inaziandika. Kwa barua ya kawaida hutaona tofauti. Ile herufi ya Times New Roman inabadilishwa na nyingine, Liberation Serif, iliyotengenezwa makusudi iwe na upana ule ule, ili mistari isihame. Shida inakuja kwenye fomu zenye majedwali mengi na visanduku vya kutiki: kisanduku kinaruka ukurasa wa pili, mstari wa sahihi unapotea. Hilo limetokea, na linatokea bado.

Mchungaji aliuliza swali ambalo wote waliuliza: “Na bei? Nalipa ngapi?”

“Bure, papa.”

“Kitu ya bure iko na mwenyewe siku zote.”

Ni swali la haki. Sisi wakimbizi tumepewa vitu vingi vya bure, na tunajua kuna fomu nyuma yake, kuna picha ya kupigwa, kuna siku vinakatwa. Nilimwita jirani yangu wa Kirundi ajibu, kwa sababu jibu liko kwenye lugha yake. Linux Mint imejengwa juu ya nyingine inayoitwa Ubuntu. Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza mwezi wa 10 mwaka 2004, na aliyeianzisha ni mtu wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth. Jina alilitoa kwenye lugha za kule, na maana yake ni utu. Warundi na Wanyarwanda nao wanalo neno hilo hilo, la utu na ukarimu. Na wakisema kitu ni cha bure wanasema ni cha “ku buntu”. Kitu kilichotoka kwenye utu wa mtu.

Mwenyewe wa kitu hiki yuko, tukamwambia mchungaji, ila ni wengi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kutengeneza sistimu ambayo kila mtu atakuwa na haki nne juu yake: kuitumia kwa kazi yoyote, kuifungua na kuona inavyofanya kazi, kuikopi na kumpa mwenzako, na kuibadilisha na kutoa ulichobadilisha. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini chake, ambacho kinaitwa Linux. Mwaka 1993 wengine wakaanzisha Debian. Ubuntu ikajengwa juu ya Debian, Mint juu ya Ubuntu. Kila mmoja alipokea akaongeza akapitisha. Kati ya 2005 na 2011 kampuni ya Shuttleworth ilikuwa inatuma CD za Ubuntu kwa posta bila malipo popote duniani. Na Kiswahili hakikuachwa: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa kuitafsiri.

Ruhusa. Neno hilo tunalijua sana. Ruhusa ya kusafiri, ruhusa ya kufanya kazi, ruhusa ya kuonana na fulani siku ya Jumanne tu. Sisemi kwamba sistimu ya kompyuta inamtoa mtu kambini. Haimtoi. Lakini kwenye meza yangu kuna kitu kimoja ambacho naweza kukifungua, kukitengeneza na kumpa jirani bila kumuuliza mtu, na sheria iko upande wangu. Tangu 2021 nimekopi ile flashi kwa nyumba 14. Zamani nilikuwa natumia kopi ya wizi na kunyamaza. Sasa natumia kopi halali, na kuigawa ndiyo halali yenyewe.

Mdogo wangu hakubaliani na mimi mpaka leo, na ni vizuri msikie upande wake.

“Yaya,” aliniambia, “kule kwenye interview hawataniuliza LibreOffice. Wataniuliza Excel. Wewe unafurahi uhuru, mimi natafuta kazi.”

Ana haki. Matangazo ya kazi za mashirika yanaandika Word na Excel, na mtihani unafanywa kwenye mashine ya ofisi. Alijifunza jedwali kwenye Linux ya nyumbani, kisha wiki mbili za mwisho akaenda kituo cha mafunzo kujizoesha Excel yenyewe. Fomula alizikuta zile zile, za SUM ni SUM, za IF ni IF, lakini vitufe vimekaa kwingine, na kwenye mtihani wa dakika 40 kutafuta kitufe ni kupoteza kazi. Alifaulu mtihani. Kazi ilienda kwa mwingine, kwa sababu nyingine. Tangu hapo anawaambia wenzake: usiondoe Windows kabla hujapata kazi. Mimi nawaambia: kama una kompyuta moja na mtihani uko karibu, subiri; au gawa diski, ziishi zote mbili. Hapo tunakutana.

Sasa ombi langu kwa wafanyakazi wa mashirika. Mkitutumia fomu ya kujaza, tutumieni PDF inayojazika, au iwe rahisi bila majedwali ndani ya majedwali. Mtu aliyekosa mstari wa sahihi anaonekana hakusaini, kumbe mstari uliruka. Kwenye mtihani wa kazi, pimeni kama mtu anajua kupanga hesabu na kuandika ripoti, na mwambieni mapema atatumia programu gani. Na vituo vya mafunzo vifundishe zote mbili. Mwanafunzi aliyeona sistimu mbili haogopi ya tatu.

La mwisho ni hili. Tarehe 14 Oktoba 2025 ilikuwa zamu ya Windows 10 kuachwa, na Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani, hata zenye chuma kizima. Ofisini kwenu ziko kompyuta zitakazoandikwa kwenye orodha kuwa zimekufa. Hazijafa. Futeni diski zenu vizuri, kwa sababu siri za watu ziko humo, halafu zitoeni. Laptopu yetu ilihesabiwa imekufa mwaka 2020. Tumeiongezea kumbukumbu ikafika giga 4, tumeipandisha toleo jipya la Mint bila kulipa, na insha hii imechapwa juu yake.

Kwa jirani anayetaka kujaribu: njoo Jumamosi mchana, jua likiwa kali. Leta flashi ya giga 4 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, na leta kompyuta yako pamoja na chaja. Tutaionja kwanza kutoka kwenye flashi, tuone Wi-Fi na printa. Kama kuna picha ndani, tafuta kwanza mahali pa kuzikopi, na uje na mtu wa nyumbani anayezijua, tuzifungue moja moja. Siku ya kwanza hatufuti kitu.